Machozi ya Kila Jumamosi

Sikumchukia Mayette kwa uzuri wake. Wanawake wazuri wamejaa hapa Iloilo, na mimi mwenyewe nikijipaka poda na kuvaa gauni langu la kijani, watu hugeuka. Nilimchukia kwa sababu kila Jumamosi, saa tisa alasiri, mchumba wangu alipanda jukwaani mbele ya watu mia na zaidi, akamlilia.

Tena si kulia kwa mchezo. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, akina mama wakapenga makamasi, makofi yakapigwa, na mimi mwenye pete yake kidoleni nimekaa safu ya tatu, nimejilazimisha tabasamu. Jamani, wivu unauma! Asikudanganye mtu kwamba wivu ni wa watu wasiojiamini. Mimi najiamini sana, na bado ulinitafuna.

Jumamosi ninayoisimulia ilikuja na mambo mawili. La kwanza, kesho yake, Jumapili saa nne asubuhi, wazazi wa Rexon walikuwa waje kwetu kuleta posa, na mama yangu alikwisha agiza nguruwe mzima wa kuchoma. La pili nilikuwa bado silijui. Aliyeniletea ni mama mwenyewe, tukiwa kibandani kwetu soko la La Paz tunauza batchoy, supu yetu ya tambi na maini.

"Jovelyn," akaniita huku akipondaponda ngozi ya nguruwe iliyokaangwa. "Nimemwona yule mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Wa hadithi. Muuguzi. Karudi kutoka Singapore. Kapita hapa na gauni jekundu, ananukia mpaka supu yangu imekosa harufu."

Upawa ukanidondoka. "Kapita kwenda wapi?"

"Kwani ngazi hii inakwenda wapi?" Mama akanyanyua kidevu kuonyesha juu.

Juu ya kibanda chetu ndipo ulipo ukumbi wa hadithi. Kila neno linalosemwa kwenye kipaza sauti kule, sisi huku chini tunalisikia pamoja na wauza samaki. Mama hakuwahi kupanda ngazi ile hata siku moja, lakini hadithi ya Rexon na Mayette aliijua kwa moyo.

"Mwanangu, sikufichi," akasema. "Baharia simkatai. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa baharia. Lakini mwanaume anayeanika mambo yake hadharani kila wiki, huyo utalala naye kitanda kimoja pamoja na soko zima. Leo anamlilia Mayette. Kesho utamsikia anasimulia unavyokoroma."

"Mimi sikoromi, Mama."

"Unakoroma. Sikiliza. Nguruwe bado hajachinjwa. Ukisema neno, naghairi."

"Usighairi."

"Nakupa mpaka jioni. Ukishuka ngazi hiyo unipe jibu, waje au wasije."

Nikavua aproni, nikanawa mikono kwa ndimu kuondoa harufu ya kitunguu saumu, nikapanda.

Rexon nilimkuta mlangoni, kavaa shati jeupe nililompigia pasi mimi mwenyewe asubuhi. Aliponiona akatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja, na kwa sekunde nzima nikasahau kilichonipandisha.

"Inday, umechelewa," akasema. Inday ndivyo anavyoniita tukiwa wawili. "Nimekuwekea kiti."

"Umeniwekea mimi au mgeni wako?"

"Mgeni gani?"

"Yule mwekundu pale mbele. Au umepofuka?"

Akageuka. Akamwona. Naapa rangi ilimtoka usoni.

"Sikujua kama angekuja," akasema taratibu.

"Badilisha hadithi."

"Nini?"

"Simulia nyingine, Rexon. Ya papa. Ya yule mpishi wenu aliyetia sabuni kwenye supu. Yoyote. Wazazi wako wanakuja kwetu kesho. Leo usinililie mwanamke mwingine na yeye mwenyewe yuko pale anakutazama."

Akanishika mkono. Ana mikono mikubwa, ya mtu aliyekaa miaka saba kwenye chumba cha injini, na akinishika huwa nalainika. Safari hii nilijikaza.

"Inday, watu wamekuja kuisikia ile. Watu wa Manila wanaitaka ile. Leo ni mara ya mwisho, nakuapia."

"Ulisema hivyo Jumamosi iliyopita."

"Sasa leo ni kweli."

Sisi watu wa Iloilo sauti zetu ni laini. Tukigombana, mgeni hudhani tunabembelezana. Bibi mmoja akapita katikati yetu na mfuko wake wa maembe, akatutazama, akasema, "Ah, wachumba hao!" Laiti angejua nilivyotaka kumrarua mtu.

Masharti ya ukumbi ule hayana utani. Mjomba Berting, mwenye kuuongoza, alikuwa mtangazaji wa redio miaka thelathini, na kila wiki huyarudia kwa ile sauti yake nzito. Hadithi iwe ya kweli. Iwe imekupata wewe. Isimuliwe bila karatasi. Na mtu aliyetajwa ndani yake, kama yumo ukumbini, atasimamishwa aulizwe mbele ya wote: kweli? Hapo anajibu mwenyewe. Anayebainika amedanganya hapandi tena jukwaa lile mwaka mzima. Yupo mzee aliyesimulia alivyomwokoa shemeji yake kwenye mafuriko. Shemeji akasimama akasema ndiye aliyembeba mzee mgongoni. Mzee hata sokoni siku hizi anapita kwa mlango wa nyuma.

Rexon hakuwahi kuulizwa swali hilo, maana Mayette alikuwa ng'ambo miaka minne. Na siku hiyo Mjomba Berting alikuwa atangaze nani anapelekwa Manila kusimulia kwenye jumba la watu elfu mbili. Kila mtu alijua ni nani.

Nikakaa. Nikamkagua Mayette kisogo. Nywele zimekatwa vizuri, shingo ndefu, hereni ndogo za lulu. Nilitafuta kasoro kwa bidii zote nikaambulia uzi mmoja ulioning'inia kwenye mshono wa bega. Nikauangalia uzi ule kwa raha kubwa.

Rexon akapanda. Ukumbi ukanyamaza.

"Kuna mwanamke nilimpenda miaka sita," akaanza, kama anavyoanza siku zote. "Asubuhi ya kuondoka kwake aliniambia, Rexon, nina njaa, kaniletee siopao."

Akasimulia alivyokimbia kutoka bandarini mpaka kwa Mchina, alivyogombana na watu kwenye foleni, alivyorudi mbio na ule mkate wa mvuke umefungwa kwa karatasi kifuani ili usipoe. Akasimulia lango lilivyofungwa. Meli inang'oa nanga, Mayette yuko juu anapunga mkono, na yeye kasimama nyuma ya chuma. Mimi nilikuwa nahesabu. Nilijua baada ya neno "chuma" atanyamaza, atatazama chini, halafu atasema.

"Meli ilipotea machoni. Nikaugusa ule mkate." Sauti ikamkatika. "Ulikuwa bado wa moto."

Yakaja machozi. Nyuma yangu mtu akapenga kamasi. Mama mmoja akasema, "Masikini, mtoto wa watu!" Na mimi moyoni nikasema, masikini mimi.

Mjomba Berting akasogea kwenye kipaza sauti. "Leo ni siku ya pekee. Aliyesimuliwa yumo humu ndani. Binti, simama. Hadithi hii umeisikia. Kweli?"

Mayette akasimama. Akamtazama Rexon, na Rexon akamtazama yeye, na jamani, nisiseme uongo, mtazamo ule ulinichoma. Haukuwa wa watu walioachana. Ulikuwa wa watu wenye siri. Rexon alikuwa anamsihi kitu kwa macho, naye akainua unyusi mmoja tu, akatabasamu, kana kwamba wako wawili chumbani na sisi wengine ni mapazia.

"Kweli," akasema, akaketi.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mimi damu ilinipanda mpaka masikioni. Miezi minane nimekuwa na mwanaume huyu na hajanitazama hivyo hata mara moja!

Ikaja mapumziko ya chai. Rexon alizungukwa na watu. Mimi nikaenda mezani, pale lilipo sufuria la kutia majina ya wanaotaka kusimulia, nikachukua kipande cha karatasi, nikaandika jina langu. Sikuwa na hadithi. Nilikuwa na hasira tu. Nikageuka, nikamkuta Mayette nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Wewe ndiye Jovelyn," akasema. "Hongera, mdogo wangu. Nasikia kesho ndiyo kesho."

"Ahsante, dada. Na wewe pole na safari."

"Anakutendea vyema?"

Swali gani hilo! Mke mkubwa ndiye huuliza hivyo. "Ananitendea vyema sana," nikasema. "Una uzi umetoka begani."

Akautazama, akacheka, akaukata kwa meno. Hata kucheka alicheka vizuri, shetani yule.

Mapumziko yalipokwisha, Mjomba Berting akatia mkono sufuriani. Akafungua karatasi, akasoma, akaisoma tena. "Jovelyn. Wa hapa chini, wa batchoy?"

Safu nzima ikanigeukia. Rexon, aliyekuwa akinywa maji, akabaki na chupa mdomoni. Nikapanda. Taa ilikuwa inachoma macho, na kutoka juu pale watu wote walikuwa wamekaa kimya wakinisubiri. Huko chini sokoni nilijua mama amesimamisha upawa.

"Mimi," nikasema, na kipaza sauti kikapiga mluzi. "Mimi nimechumbiwa na mwanaume wa yule mwanamke."

Watu wakacheka. Sikuwa nimetania.

"Mnacheka. Sawa. Wiki ya kwanza nilipoisikia hadithi ya mkate, nilikwenda kwa Mchina nikanunua siopao. Nikala. Nilitaka kujua ina nini. Siku ya pili nikanunua tena. Wiki nzima nimekula siopao, wenzangu, na nyumbani kwetu tunapika. Nilitafuta humo ndani kitu cha kumliza mtu mzima. Nilikuta nyama na nusu yai."

Wakacheka zaidi. Rexon hakucheka.

"Wiki ya tatu nilimpelekea supu shangazi yake Mayette. Hakuagiza. Nilimwambia nimekosea nyumba. Nilitaka kuona picha ukutani. Niliiona. Kavaa sare nyeupe. Nikarudi nyumbani nikajitazama kwenye kioo mpaka mama akaniuliza kama naumwa."

Nikakisogelea kipaza sauti.

"Siku ya kuzaliwa ya Rexon nilimnunulia siopao kumi na mbili. Nilikuwa namjaribu. Nikajiambia, akilia, namwachia huyo Mayette wake. Alikula tano huku anatazama ndondi. Hakunitazama hata mimi. Nikafurahi usiku kucha, mjinga mimi. Jumamosi akapanda hapa akalia tena. Ndipo nikaelewa: mimi napewa mlaji, Mayette anapewa machozi. Na leo nimeona walivyotazamana. Wote mmeona. Kesho saa nne wazazi wake wanakuja kwetu. Mimi sitaki posa ya mtu ambaye ana mke mdomoni. Hadithi yangu imeishia hapo."

Hakuna aliyepiga makofi. Mjomba Berting akakohoa. Nilimwonea huruma, mzee wa watu, lakini masharti ni masharti.

"Rexon," akasema. "Umesimuliwa. Kweli?"

Rexon akasimama. Mimi nilikuwa nasubiri neno moja tu kutoka kwake, aseme si kweli, Inday, simpendi. Kabla hajasema, kiti cha mbele kikalia.

"Mjomba Berting, nami nimesimuliwa," akasema Mayette. "Naomba nijibu."

"Haki yako, binti."

"Ya Jovelyn ni kweli. Shangazi alinipigia simu kuniambia kuna msichana wa ajabu kaleta supu." Akanitazama, na macho yake hayakuwa na dhihaka. "Ila ile ya kwanza, niliposema kweli, nilidanganya."

Ukumbi ulivuma. Mjomba Berting akapiga kengele.

"Mayette," akaita Rexon kwa sauti ya chini.

"Hapana, Rexon. Mara moja nimekufichia kwa sababu uliniomba kwa macho. Sikujua kuna mtu anaumia." Akawageukia watu. "Siku ile pale juu ya meli aliyelia ni mimi. Nililia mpaka baharia mmoja akaniletea maji. Halafu nikamtafuta Rexon pale langoni nimpungie mara ya mwisho. Nikamwona. Alikuwa anaila siopao yangu."

Akamwonyesha Rexon kwa kidole.

"Kaila yote," akaendelea Mayette. "Akalamba vidole. Kisha nikamwona anarudi kule kule kwa Mchina."

Nimewahi kusikia kicheko katika ukumbi ule, lakini si kile. Watu walipiga mapaja. Bibi wa maembe aliteleza kwenye kiti. Huko chini nikasikia wauza samaki nao wanaangua kicheko. Mjomba Berting peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa amekunja uso mzima.

"Rexon," akasema. "Nakuuliza mara moja tu, na unajua maana yake. Ukisema si kweli, ni neno lako na lake, na mimi sina shahidi. Utakwenda Manila. Ukisema kweli, hupandi hapa mwaka mzima, na Manila anakwenda mwingine. Kweli?"

Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Kana, kaka! Andazi halina ushahidi!" Watu wakacheka tena.

Rexon hakumtazama Mjomba Berting. Hakumtazama Mayette pia. Alinitazama mimi, na jasho lilikuwa limelowesha kola niliyoipiga pasi.

"Kweli," akasema.

"Na machozi?"

"Mara ya kwanza yalikuja yenyewe. Kwa woga. Mjomba, miaka saba nimefanya kazi chini ya meli, injini inanguruma, hata ukipiga kelele mwenzako hakusikii. Siku ile nikapanda hapa watu mia wakanyamaza wakanisikiliza. Nikalia. Wakasimama wakapiga makofi. Wiki iliyofuata nikalia pale pale. Nikaona inawezekana." Akamwelekezea Mayette kidevu. "Mayette nilimpenda, yakaisha, naye anajua. Machozi nilikuwa nayatoa tu. Samahanini."

Wengine walizomea. Mama aliyesema masikini mtoto wa watu alikunja leso yake akaitia mkobani kwa hasira.

Na mimi? Ungedhani nimefurahi. Mwanaume hampendi Mayette, kasema mbele ya umati, kapoteza na Manila. Badala yake nikashikwa na wivu mwingine, mbaya kuliko ule wa kwanza. Mayette alimjua. Ule unyusi mmoja aliouinua, niliuelewa sasa. Alimjua Rexon mwenyewe, yule mwenye njaa, mwoga, anayelamba vidole langoni, na mimi nilikuwa nimevalishwa pete na yule wa jukwaani. Nikakishika kipaza sauti kabla Mjomba Berting hajakichukua.

"Rexon. Yale uliyoniambia mimi. Ile siku ya mvua, chini ya turubai la kibanda. Uliyasema ukiwa nani?"

"Inday, tuongee nje."

"Nje hapana. Ya Mayette umeyasema hapa. Yangu pia yaseme hapa hapa, nione kama una hata moja."

Akapanda. Mjomba Berting alitaka kumzuia, mama mmoja akasema, "Mwache bwana, anajitetea!" Rexon akasimama mbele ya kipaza sauti, mtu aliyekuwa akiwaliza mia kwa sentensi tano.

"Jovelyn," akaanza. "Nilimwona... Kulikuwa na mvua. Hapana, mvua ilikuwa baadaye. Kwanza nilikuja kula. Nikasema naomba... yeye akasema tambi zimekwisha. Hazikuwa zimekwisha. Au zilikuwa zimekwisha?" Akanitazama.

"Zilikuwa zimekwisha," nikasema.

"Zilikuwa zimekwisha. Basi nikakaa. Sijui kwa nini nilikaa, chakula hakuna. Alikuwa... ana hivi anavyofunga nywele kwa... ule mpira wa kufungia mboga. Nikakaa saa mbili." Akajipangusa paji la uso. "Samahanini, sijui inapoanzia. Nimejaribu kuipanga mara nyingi nyumbani. Haikai. Nikianza na mvua naacha nywele. Nikianza na nywele nafika kwa mama yake ananikodolea macho, naogopa, nasahau."

"Haieleweki!" mtu akapaza sauti.

"Najua haieleweki," akasema Rexon, na sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Ndiyo maana sijawahi kuisimulia."

Kengele ikalia. Muda wake umekwisha. Hakushuka. Watu walikuwa wanaguna, wanacheka, wengine wamekwisha simama kuondoka, na yeye kasimama pale mikono inaning'inia, hana hata chozi moja. Sikuwahi kumpenda mtu vile. Na kwa jinsi nilivyompenda, sikutaka kumwonyesha haraka.

Nikamsogelea. "Niambie kitu kimoja," nikasema. "Cha kweli. Ambacho Mayette hakijui."

Kipaza sauti kilikidaka. Ukumbi ukatulia tena, waliosimama wakaketi. Mayette akageuza kichwa.

Rexon akakifunika kipaza sauti kwa kiganja, akainama, akaweka mdomo kwenye sikio langu, akaniambia. Yalikuwa maneno machache. Hayakupangwa vizuri. Katikati alikosea akarudia.

"Hatusikii!" wakapiga kelele.

"Sauti!"

"Mjomba Berting, masharti! Aseme kwa sauti!"

Nikamtazama usoni. Alikuwa mwekundu mpaka shingoni, mtu mzima yule, anachezea kifungo cha shati. Nikageukia watu.

"Hamsikii na hamtasikia," nikasema.

Wakazomea mpaka bati likatikisika. Nikamshika Rexon mkono tukashuka jukwaani, tukapita katikati ya viti, nikiwa nimeinua kichwa utadhani nimeshinda mimi hiyo Manila. Kwenye ngazi nikainama juu ya kishikio cha chuma. Mama alikuwa amesimama chini, upawa mkononi, na soko zima nyuma yake linasubiri.

"Waje!" nikamwambia. "Saa nne!"

"Na huyo anayesimulia kila kitu?"

"Hajui kusimulia, Mama. Umesikia mwenyewe."

Mama akamtazama Rexon kutoka viatu mpaka nywele, akasonya, akarudi kwenye chungu. "Nguruwe achinjwe," nikamsikia akisema.

Nyuma yetu visigino vikagonga ngazi. Mayette alitufikia, akanigusa kiwiko, akanivuta kando kidogo. Marashi yake yalikuwa mazuri, nakiri.

"Mdogo wangu," akaninong'oneza, na macho yalikuwa yanamwenda kwa Rexon na kurudi. "Kakwambia nini?"

Miaka sita amekaa naye. Nikamtazama vile anavyosubiri, mdomo umeachama kidogo, na moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza tangu niisikie hadithi ya mkate.

"Mambo ya nyumbani tu, dada," nikasema. "Karibu supu."